Mhariri, akitoka wodini akalale wapi?

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mama napangisha vyumba hapa Chikongola, Mtwara mjini, vyumba vya uani na fremu moja mbele, na hii barua naiandika kwenye simu kwahiyo mtanivumilia. Nataka kuongelea wagonjwa wa akili, yani wale wenye ugonjwa mkubwa kabisa, skizofrenia (mtu anasikia sauti au kuamini vitu ambavyo havipo), baipola (mtu anapanda kupita kiasi alafu anashuka kwenye huzuni nzito), sio msongo wa mawazo ambao sasaivi kila redio inauongelea. Kila mwaka ikifika tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunasikia hotuba, tunaambiwa tusikae kimya, tuseme yanayotusumbua, sawa ni vizuri, ila kuna mtu ambaye ameshasema, ameshapelekwa hospitali, ameshalazwa, ameshachomwa sindano akatulia na leo asubuhi daktari kamuandikia ruhusa, huyo shida yake ni nyingine kabisa, leo usiku nalala wapi, kesho nakula kwa nani, na dawa nani atanikumbusha. Hapo ndo wote tunanyamaza, halmashauri inanyamaza, sisi wa mtaani tunanyamaza, na hospitali nayo ikishampa bahasha ya dawa inakuwa imemaliza.

Huku kwetu kusini ukiuliza mgonjwa fulani anakaa wapi jibu ni moja, kwa mama yake. Nendeni Newala, nendeni Tandahimba, Nachingwea, Mtama, ni hivohivo, kijana ana miaka thelathini na kitu, arobaini, anakaa kwenye kibanda cha nyuma kwa mama yake, mama ndo anapika, mama ndo anafua, mama ndo anajua leo kaamka vibaya, mama ndo anaficha panga. Na sisi Wamakonde, Wamwera, Wamakua mtoto ni wa upande wa mama toka zamani, kwahiyo ugonjwa nao unakuwa wa upande wa mama, baba akishaona mambo magumu anaondoka zake kimyakimya na hakuna anayemuuliza. Sa huyu mama akifa? Nimeona kwa macho yangu hapahapa mtaani, mama anazikwa Ijumaa, arobaini inapita, ukoo unakaa kikao, mjomba ndo mwenye sauti ila mjomba nae ana watoto wake saba na nyumba ya vyumba vitatu, dada mtu ameolewa na mume hataki, kaka mtu yupo Dar anatuma hela ikipatikana. Hakuna aliyesema tumfukuze. Kikao kinaisha bila mtu kusema atakaa na nani, na baada ya miezi michache unamkuta yupo stendi, nywele zimeshikana, suruali inashikwa na kamba, watoto wa shule wanamrushia mawe. Alafu watu wanapita wanamwita chizi wa stendi kama vile ameota pale, wakati ana ukoo wake, ana jina lake, ana cheti chake cha kliniki kilichobaki kwenye sanduku la marehemu mama yake.

Na hawa sio wachache. Shirika la Afya Duniani linasema skizofrenia peke yake inawapata kama watu milioni 23 duniani, karibu mtu 1 kati ya kila 345. Sensa ya 2022 Mtwara tumehesabiwa watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Piga hesabu mwenyewe, alafu hiyo hesabu ikate hata nusu kwa tahadhari, bado ni maelfu ya watu kwenye hii mikoa yetu miwili na hapo baipola bado hujaigusa. Vitanda vyetu haviwezi, na hata vingeweza, mtu haishi kitandani hospitali. Wengi wao wakipata dawa vizuri muda wa wodini unakuwa mfupi tu, ni wiki kadhaa, maisha yote yaliyobaki ni mtaani, sasa mbona hela na akili zetu zote tumeziweka kwenye zile wiki?

Sasa nije kwenye kile ninachokijua mimi, vyumba. Nina mpangaji, kijana wa watu kutoka upande wa Newala, sitasema zaidi ya hapo mana ana haki ya siri yake na hii barua amesomewa na kakubali niandike. Aliletwa na dada yake baada ya mama yao kufariki, dada mtu akaniambia ukweli wote palepale mlangoni kabla hata hajaulizia bei, akasema mama, mdogo wangu anaumwa kichwa, anachoma sindano kila mwezi, akichoma ni mtu mzuri sana, akikosa anaharibika, kodi nitalipa mimi miezi mitatu mitatu na nimekuja na namba ya muuguzi wake. Mhariri, ile namba ya muuguzi ndo iliyonifanya nikubali. Kuna wapangaji wazima kabisa nimewapa chumba bila kujua hata wanafanya kazi gani, huyu nimepewa na maelekezo ya matumizi.

Muuguzi alikuja mwenyewe akakaa kwenye kibaraza akanieleza, na alichonieleza ni vitu vidogo ambavyo hakuna mtu aliwahi kumwambia yule mama marehemu kwa miaka yote. Kwamba ugonjwa ukitaka kurudi hauji ghafla, kila mtu ana dalili zake, na za huyu ni usingizi. Kweli bana. Akiwa mzima anaamka alfajiri anaswali anafagia sehemu yake basi. Mwaka jana kipindi cha ngoma za unyago, spika zinalia usiku kucha mitaa miwili kutoka hapa, nikawa nasikia fagio saa nane usiku, nikajua labda joto, kesho yake tena saa nane, anafagia uwanja mzima mpaka kwenye msingi wa choo, mchanga umelala mistari mistari kama umechorwa, anamaliza anarudi mwanzo. Sikumfokea. Nilimpigia muuguzi asubuhi, akaja jioni, wakaongea, dawa ya usiku ikaongezwa kidogo kwa maelekezo ya daktari, na dada yake akamchukua siku chache akakae mbali na yale maspika, akarudi yupo sawa. Hakulazwa. Hakufungwa kamba, hakupigwa, mwenyekiti wa mtaa hakuitwa, mgambo hawakuitwa. Ile simu moja ndo ninayoiita mimi huduma ya mtaani, na siombi kitu kikubwa zaidi ya hiyo simu iwe na mtu wa kuipokea kwa kila mgonjwa na sio kwa huyu wangu tu ambaye kabahatika kupata muuguzi mwenye moyo.

Kingine ni madhara ya dawa. Watu wanaona mgonjwa anatembea kama roboti, mikono inatetemeka, mate yanamtoka, wanasema ugonjwa umezidi, kumbe ni dawa zenyewe, haloperido au ile sindano ya mwezi, na kuna kidonge cha kupunguza huo ukakamavu, ukikiuliza kliniki wanakupa kama kipo. Wengi wanaacha dawa kwasababu ya hicho tu, sio ukaidi, mtu anaona aibu kutetemeka mbele ya wenzake wakati wa kula. Na Lagaktili, dawa nyingine ya hawa wagonjwa, inafanya ngozi iungue na jua haraka, sa chukulia kijana wa kwetu unampeleka kuokota korosho mwezi wa kumi, jua la Mtwara hilo, anarudi ngozi imebabuka mnasema karogwa. Anatakiwa kofia pana na shati la mikono mirefu basi, anaokota korosho vizuri tu, huyu wangu msimu uliopita kaokota na kalipwa kama wenzake. Na mwezi wa Ramadhani, watu wetu wengi ni Waislamu, mgonjwa anataka kufunga na ana haki ya kutaka, ila akiacha dawa za mchana kwasababu ya funga bila kumwambia mtu ndo unasikia baada ya Idi kalazwa. Akienda kliniki mapema kabla ya mwezi anapangiwa dawa ziwe baada ya futari na daku, au anaambiwa wazi kwamba we mwaka huu usifunge. Hivi ni vitu vya kuambiwa na mtu anayekujua na anayejua unakaa wapi, havipatikani kwenye foleni ya kliniki ambapo jina linaitwa, dawa zinatolewa, mwingine.

Na dawa zenyewe. Kuna hospitali moja huku kwetu, siitaji, tumeenda na karatasi yetu tukaambiwa sindano hamna nendeni mkanunue nje, maduka ya nje tukazunguka nayo hayana, ikabidi iagizwe Dar na basi la usiku. Sisi tuliweza mana dada mtu ana kibarua. Bibi wa kule Mahuta au Liwale ambaye nauli tu ya kuja mjini ni vita atafanyaje? Atarudi nyumbani, atasubiri, mtu atachafukwa, na mwisho wake atafungwa kamba kwenye mwembe na ndugu zake wanaompenda kwasababu hawana njia nyingine. Mimi siwahukumu hao ndugu hata kidogo. Ukimwachia atavunja, atapotea, atapigwa na watu wakimdhania mwizi. Rufaa ikiandikwa ni Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, ambako kutoka hapa ukipitia Dar ni kama kilomita elfu moja, mgonjwa akitoka huko anarudi na basi hilohilo, kwenye kibanda kilekile, kwenye maneno yaleyale, alafu tunashangaa ugonjwa umerudi.

Nilivyoanza kufuatilia haya mambo nikakuta kumbe wenzetu walishalifikiria zamani, na Waafrika wenzetu tena. Kule Nigeria, mji wa Abeokuta, kulikuwa na daktari anaitwa Thomas Adeoye Lambo, mwaka 1954 akaanzisha utaratibu kwenye hospitali ya Aro ambapo wagonjwa hawakulazwa wodini, walipanga kwenye nyumba za wanakijiji jirani na hospitali, kila mgonjwa na ndugu yake mmoja wa kumpikia, mchana anakuja kutibiwa, jioni anarudi kwenye familia, analima, anakaa na watu. Wenye nyumba walilipwa kodi na kijiji kikapata maendeleo yake. Na hakuwatukana waganga wa jadi, alikaa nao wakafanya kazi pamoja, jambo ambalo huku kwetu lingesaidia sana mana hata tufanyeje familia nyingi zitaanza kwa fundi, yani mganga, kupunga majini, zikishauza mbuzi wote ndo zinakuja hospitali. Kama fundi anajua mgonjwa asiyelala siku tatu ampeleke wapi na haambiwi wewe ni muongo, atampeleka.

Hata Tanzania yetu ilishafanya. Enzi za Mwalimu vilianzishwa vijiji vya wagonjwa wa akili, wanaishi na kulima, Hombolo kule Dodoma ni kimojawapo, Vikuruti Dar ni kingine, na Lutindi kule Korogwe hospitali ya Walutheri mpaka leo kazi ni sehemu ya matibabu. Mimi naviheshimu hivo vijiji ila maoni yangu ni kwamba mtu akipelekwa mbali na kwao akalima huko, anapona huko na anabaki wa huko, ukoo wake unazoea kuishi bila yeye. Ndo mana nasema nyumba iwe humuhumu mtaani, karibu na soko, karibu na msikiti na kanisa, mahali ambapo shangazi akishuka na basi kutoka Masasi anaweza kupitia akamsalimia akamwachia na ming'oko yake.

Na kuna hili la Marekani na Kanada. Mwaka 1992 New York mtu anaitwa Sam Tsemberis alianza kuwapa watu waliokuwa wanalala barabarani wenye ugonjwa wa akili chumba kwanza, bila kuwaambia mpaka upone, mpaka uache pombe, chumba kwanza alafu wahudumu wanakufata hapohapo ulipo. Kanada wakaja kuijaribu kwenye miji mitano kuanzia 2009 mpaka 2013, watu zaidi ya 2,000, wengine wakapewa chumba na wahudumu, wengine wakabaki na huduma za kawaida. Kufikia ile miezi sita ya mwisho waliopewa chumba asilimia 62 walikuwa na makazi muda wote, wale wengine asilimia 31. Na vyumba vyenyewe vingi walipanga kwa watu binafsi, wenye nyumba kama mimi, serikali inachangia kodi na kuna mtu wa kupigiwa simu. Najua Kanada sio Mtwara, wao wana hela. Lakini chumba Mtwara sio Kanada pia, chumba changu cha uani ni elfu thelathini kwa mwezi, hiyo ni hela ndogo kuliko kumsafirisha mgonjwa na wasindikizaji wawili mpaka Dodoma mara moja tu.

Kwahiyo ninachoomba kwa Manispaa ya Mtwara Mikindani na Manispaa ya Lindi ni hiki, msituletee jengo. Jengo litachukua miaka, litazinduliwa, litakuwa na ukuta mrefu na geti na baada ya muda litakuwa gereza dogo. Pangeni nyumba moja ya kawaida kila mji, ya watu watano au sita, yenye mlezi anayelala humo, mtu akitoka wodini bila mama wa kumpokea anafikia hapo, anakaa miezi, anajifunza kupika tena, kununua umeme, kukaa na hela yake, dawa anameza mwenyewe huku anaangaliwa. Akiimarika anahamia kwenye chumba cha kupanga kwa mtu kama mimi, manispaa ikisimama kama mdhamini wa kodi, na muuguzi wa afya ya akili awe na usafiri wa kupita mtaani angalau mara moja kwa wiki badala ya kusubiri wamfate. Tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita majumbani kwa ajili ya wajawazito na watoto, wafundishwe na hii pia, mtu halali, mtu kaacha kula na wenzake, mtu anafagia usiku.

Hela nimeshaambiwa hamna. Mimi naona ipo. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru wa korosho kila msimu na hizo korosho zinaokotwa na familia hizihizi. Kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya mikopo, humo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, nimeuliza kama mtu mwenye skizofrenia aliyetulia anaweza kuingia kwenye kikundi akapata mtaji wa kubangua korosho au kufuga kuku nikaangaliwa tu usoni, wakati Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo toka 2010 na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2009, humo ibara ya 19 imeandikwa kabisa haki ya mtu kuishi kwenye jamii na kuchagua anapokaa. Sheria ya Afya ya Akili nayo ipo toka 2008. Yani karatasi zote tunazo.

Kuhusu majirani, mana najua ndo swali la kwanza, watatuchinja usiku je. Wengi wa wagonjwa hawa hawana fujo na mtu, wao ndo wanaopigwa, wao ndo wanaoibiwa, wasichana wagonjwa ndo wanaobakwa na kupewa mimba na watu wazima wenye akili zao timamu, hapo stendi kila mtu anajua na hakuna kesi. Fujo zikija mara nyingi ni kwa aliyeacha dawa, asiyelala, asiye na mtu wa kumjua, au kaongeza bangi na gongo juu yake. Ukimpa chumba, dawa na mtu wa kumpigia simu umepunguza hayo yote kwa pamoja. Wapangaji wangu wengine mwanzo walilalamika, mmoja akahama, sikumzuia. Waliobaki sasaivi yeye ndo anawachotea maji siku mabomba yakikata na wanamtuma dukani watoto wao wakiwa shule, anarudisha chenji kamili.

Mhariri, Januari nina chumba kinachobaki wazi na chumba cha pili cha jirani yangu pia, tumeshaongea nae amekubali. Nipo tayari kuvitoa kwa watu wanaotoka wodini, kodi ileile, kwa masharti matatu tu, kodi iwe na mdhamini, sindano isikosekane, na nipewe namba ya muuguzi ambayo ikipigwa inapokelewa hata Jumapili. Afisa ustawi wa jamii nimeshampelekea barua kwa mkono na imepigwa muhuri wa kupokelewa. Nasubiri majibu, na kama kuna wenye nyumba wengine Mtwara, Lindi, Masasi wenye chumba na wenye moyo huo, wapeleke barua kwenye halmashauri zao pia ili wasiseme ni mama mmoja tu wa Chikongola.

Mama mwenye nyumba,
Chikongola, Mtwara
(jina na namba ya simu anavyo mhariri)